Yeats: Mshairi aliyelitikisa Bunge la Seneti la Ireland kwa hoja ya talaka

BENKI Kuu ya Kenya ilipozindua sarafu mpya mnamo Desemba 2018, sura za marais zilitoweka na mahali pake wakaingia twiga, kifaru, simba na ndovu. Katiba ya 2010 ilikuwa imepiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu za taifa.

Miaka 90 kabla ya hapo, mwezi uo huo wa Desemba, raia wa Ireland nao walishika kwa mara ya kwanza sarafu zao wenyewe, zikiwa na farasi, fahali, kuku na nguruwe. Aliyeongoza kamati iliyowachagua wanyama hao hakuwa mtaalamu wa fedha. Alikuwa mshairi aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha useneta.

William Butler Yeats amesomwa Afrika hata na watu wasiolijua jina lake. Chinua Achebe aliazima maneno kutoka shairi lake moja kuipa anwani riwaya yake ya 1958, ile ambayo kwa Kiswahili tunaiita Shujaa Okonkwo. Mashairi yake mengine yamefundishwa vyuoni kwa vizazi.

Lakini kwa miaka sita, kuanzia Desemba 1922 hadi Septemba 1928, Yeats alikuwa mtunga sheria. Sehemu hii ya maisha yake haisimuliwi sana, na inapotajwa hufanywa kichekesho cha msanii aliyepotea njia akajikuta bungeni. Kumbukumbu za vikao zinaonyesha vingine.

Yeats alizaliwa Juni 13, 1865, katika mtaa wa Sandymount jijini Dublin. Babake, John Butler Yeats, alisomea sheria kisha akaiacha ili awe mchoraji, uamuzi ulioifanya familia ihangaike kwa fedha miaka mingi, mara London, mara Dublin. Watoto walipelekwa mara kwa mara kwa jamaa za mama yao huko Sligo, magharibi mwa nchi, na ni hapo kijana huyo alipozisikia ngano zilizomlea.

Ukoo wake ulikuwa wa Waprotestanti, kundi dogo ambalo kwa karne nyingi lilishika ardhi na madaraka katika nchi ya Wakatoliki wengi. Hata hivyo, ujanani alijiunga na chama cha siri kilichotaka kuung'oa utawala wa Uingereza. Mwaka 1904, pamoja na Lady Gregory, alianzisha ukumbi wa maonyesho wa Abbey, ambao ulikuja kuwa ukumbi wa taifa.

Ireland ilipopata kujitawala mwishoni mwa 1922, ilikuwa tayari imetumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waliokubali mkataba na Uingereza walipigana na waliouona kuwa usaliti. Rais wa Baraza Kuu, W.T. Cosgrave, aliteua maseneta 30 kati ya 60, na akahakikisha Waprotestanti wamo ili wasijione wageni katika nchi mpya. Rafikiye Yeats, daktari na mwandishi Oliver St John Gogarty, alisaidia jina la mshairi huyo lifike mezani.

Uteuzi huo haukuwa zawadi ya starehe. Waasi walitangaza maseneta kuwa maadui, na katika miezi ya kwanza ya 1923 nyumba 37 za maseneta ziliteketezwa. Gogarty alitekwa nyara akaokoka kwa kujitosa katika mto Liffey usiku wa baridi. Nyumba ya Yeats ilimiminiwa risasi na ikabidi ilindwe na askari wenye bunduki. Serikali nayo iliwaua kwa kuwapiga risasi wafungwa 77, na katika hilo sauti ya Yeats haikusikika hadharani. Wanaomsifu kwa ujasiri aliouonyesha baadaye aghalabu huliruka jambo hili.

Mnamo Novemba 1923 alishinda Tuzo ya Nobel ya fasihi, raia wa kwanza wa Ireland kuipata. Inasimuliwa kwamba mhariri wa gazeti alipompigia simu usiku kumpasha habari, akiwa na pongezi ndefu, mshairi alimkatiza akitaka kujua ni fedha kiasi gani. Mtoto wa mchoraji aliyeishi kwa madeni hakuona haya kuuliza.

Seneti ilimpongeza, na mwezi uo huo akawaudhi wenzake. Alipinga desturi ya kusoma sala na maneno ya Kigaeli mbele ya maseneta ambao wengi wao hawakuelewa hata neno moja. Kwake huo ulikuwa uigizaji wa uzalendo. Si kwamba aliichukia lugha hiyo, ingawa yeye mwenyewe hakuijua. Mwaka 1924 aliongoza kamati iliyopendekeza serikali itoe fedha za kuhifadhi na kuchapisha miswada ya kale ya Kigaeli. Alitaka lugha ilipiwe wasomi, isivaliwe kama joho siku za sherehe. Sisi tunaohariri Kiswahili katika nchi ambayo viongozi hukikumbuka majukwaani tu, twaweza kumwelewa.

Hoja iliyompa jina, na maadui, ilikuwa ya talaka. Chini ya Uingereza, mtu wa Ireland aliyetaka kuvunja ndoa alilazimika kupeleka mswada wa kibinafsi katika Bunge la London, njia iliyokuwa ya matajiri pekee. Baada ya kujitawala, miswada ya aina hiyo ilianza kufika Dublin. Cosgrave, Mkatoliki mcha Mungu, alishauriana na maaskofu, kisha Februari 1925 akaliomba bunge la chini libadili kanuni ili miswada ya talaka isiweze kuwasilishwa kamwe.

Yeats aliandaa hotuba, lakini mwenyekiti wa Seneti, Lord Glenavy, aliamua kwamba hoja iliyoletwa haikufuata utaratibu. Mshairi hakukaa kimya. Aliichapisha hotuba hiyo katika jarida la Irish Statesman. Nafasi ya kusema ndani ya ukumbi ilikuja Juni 11, 1925, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 60.

Alianza na mpaka. Kaskazini mwa kisiwa, Waprotestanti walikuwa wamekataa kuingia katika dola mpya wakihofia kutawaliwa na Kanisa Katoliki. Yeats aliwaonya maseneta kwamba wakigeuza mafundisho ya kanisa moja kuwa sheria ya wote, watakuwa wamethibitisha hofu hiyo na kuugawa kisiwa kwa ukuta ambao mazungumzo hayataubomoa. Alieleza pia kwamba kuwazuia waliotengana wasioe tena hakurejeshi ndoa iliyokufa, bali huzalisha uhusiano wa siri.

Kisha akawapeleka barabarani. Katika barabara kuu ya Dublin zilisimama sanamu tatu, za O'Connell, Nelson na Parnell. Wa kwanza alisengenywa sana kuhusu wanawake, wa pili aliishi waziwazi na mke wa mwingine, na wa tatu aliangushwa kisiasa na kesi ya talaka. Ikiwa taifa linawaheshimu watu hao, aliuliza, linajitia utakatifu gani? Baadhi ya maseneta walighadhabika, wengine wakamkatizakatiza.

Ni mwisho wa hotuba hiyo unaokumbukwa zaidi. Yeats alijitangaza kuwa mmoja wa jamii ambayo haikuwa duni, jamii ya kina Swift, Burke, Grattan na Parnell, iliyozalisha sehemu kubwa ya fasihi na siasa ya nchi. Kwa Waprotestanti, waliokuwa takriban asilimia saba tu ya watu wa dola hiyo, maneno hayo yalikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Kwa Wakatoliki wengi yalikuwa kiburi cha tabaka lililokalia mgongo wao kwa miaka mingi.

Nadhani pande zote mbili zilisikia sawasawa. Aliyetetea haki ya wachache alitetea pia ubora wa damu yake, na hakuona tofauti. Angeachia kwenye hoja ya sheria, pengine angewavuta baadhi ya waliosita. Alichagua kuwatonesha.

Talaka ilizimwa, na Katiba ya 1937 ikaipiga marufuku kabisa. Kura ya maamuzi ya 1986 ilishindwa kuondoa marufuku hiyo. Iliondolewa katika kura ya Novemba 1995, kwa tofauti ya kura zipatazo 9,000 tu nchi nzima.

Miezi michache baada ya kelele za talaka, Yeats aligeukia shule. Februari 1926 alitembelea shule ya watawa huko Waterford iliyofuata mbinu za Montessori, na alichokiona kikamzalia mojawapo ya mashairi yake makuu. Mwezi uliofuata, Seneti ilipojadili mswada wa kuwalazimisha watoto kuhudhuria masomo, alizungumzia majengo mabovu na machafu ambayo serikali ilitaka kuwaingiza kwa nguvu. Alisisitiza pia kwamba, iwe wanafundishwa Kigaeli au Kiingereza, shabaha iwe mtoto mwenyewe wala si malengo ya wakubwa. Katika kumbukumbu zake zote za bungeni, hapa ndipo asipojisikiliza mwenyewe.

Mwaka 1927 alipigania hakimiliki. Mswada wa serikali ulitaka kufungamanisha ulinzi wa mwandishi na kuchapisha kitabu ndani ya nchi, jambo lililowapendeza wenye viwanda vya uchapaji. Yeats aliona kwamba waandishi wangenyang'anywa jasho lao ili wengine wapate kazi, na alishikilia msimamo huo kifungu kwa kifungu.

Kamati ya sarafu iliundwa mwaka 1926. Serikali iliweka masharti mawili makuu: upande mmoja uwe na kinubi, na maandishi yawe ya Kigaeli. Mengine iliwaachia Yeats na wenzake. Wasanii saba kutoka Ireland na ng'ambo waliwasilisha michoro, na aliyeshinda zote, kwa mshangao wa wazalendo, akawa Mwingereza, Percy Metcalfe.

Nusu krauni ilipata farasi, florini samaki aina ya samoni, shilingi fahali, peni sita mbwa wa kuwinda, na peni tatu sungura. Peni, sarafu ya maskini, ilipewa kuku na vifaranga vyake, nusu peni nguruwe na wanawe, na robo peni ndege wa msituni. Maafisa wa kilimo walitia mkono wao wakitaka wanyama wafanane na wale wa sokoni. Nguruwe alirekebishwa mwili hadi akaridhisha, na Yeats aliusikitikia ule wa kwanza. Baadhi ya viongozi wa dini walilalamika kwamba fedha za nchi ya Kikristo zilikuwa za kipagani, bila msalaba wala mtakatifu.

Wakati huo mshairi alikuwa mgonjwa. Mapafu na shinikizo la damu vilimsumbua tangu 1927, mwaka ambao waziri aliyemhusudu, Kevin O'Higgins, aliuawa kwa risasi akielekea kanisani. Kipindi chake kilipokwisha Septemba 1928 aliondoka. Mswada wa kudhibiti vitabu ulikuwa bado bunge la chini, hivyo aliupinga magazetini badala ya Seneti. Mwaka 1933 aliwashabikia kwa muda Mashati ya Buluu, kundi lililoiga mafashisti, hata akalitungia nyimbo. Ni doa ambalo watetezi wake hawajalifuta.

Seneti aliyoitumikia ilivunjwa na Eamon de Valera mwaka 1936, kisha nyingine ikaundwa chini ya Katiba ya 1937. Oktoba 2013 wapiga kura wa Ireland walikataa kwa kura chache kuifuta, mwaka ule ule ambao Kenya iliirejesha Seneti yake baada ya takriban nusu karne. Mwanawe Yeats, Michael, aliketi katika Seneti hiyo ya pili na kuwa mwenyekiti wake kuanzia 1969.

Yeats alifariki Januari 28, 1939, kusini mwa Ufaransa, akazikwa Roquebrune. Vita vilichelewesha safari yake ya mwisho hadi 1948, meli ya kivita ya Ireland ilipoleta jeneza ili azikwe Drumcliff, Sligo. Waziri wa Mashauri ya Kigeni wakati huo alikuwa Seán MacBride, mwana wa Maud Gonne, mwanamke aliyemkataa Yeats mara kadhaa. Barua zilizofichuliwa mwaka 2015 zilitia shaka iwapo mifupa iliyomo ni yake, kwani kaburi la Ufaransa lilikuwa limefukuliwa na mabaki kuchanganywa na ya wengine.

Wanyama wake waliishi zaidi. Kuku na nguruwe waliondoka sarafu zilipobadilishwa mwaka 1971, lakini fahali na samoni walibaki mifukoni mwa watu hadi 2002, yuro ilipoingia.