Mike Webster: mkongwe aliyeitwa kuziba ufa wa ukuta

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, simu zinazoingia kwenye kipindi cha michezo huwa na swali lile lile. Timu ikiwa na ufa, je, mkongwe aliyeachwa huru na klabu yake anaweza kuuziba? Wapo wanaosema utu uzima dawa. Wapo wanaosema mkongwe anakuja kuchukua pesa ya kustaafia tu.

Leo, mpendwa msikilizaji, tunalitafutia jibu swali hilo katika maisha ya mtu mmoja. Hakucheza mpira wa miguu tunaoujua sisi. Alicheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili na kofia ngumu kichwani. Jina lake ni Mike Webster. Amefariki zaidi ya miaka 20 iliyopita, lakini maisha yake yanatuonyesha mambo mawili: mkongwe anaweza kuipa timu nini, na yeye mwenyewe analipa nini.

Kazi ya watu watano

Kwanza tuuelewe mchezo. Kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10 mbele, yaani karibu mita 9. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Mbele kabisa ya timu inayoshambulia husimama watu watano wenye miili mikubwa. Hao ndio safu ya mbele, ukuta wa timu. Kwa kawaida hawafungi pointi wala hawakimbii na mpira. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani kwa mikono, mabega na kifua, ili mpangaji wa mashambulizi, anayeitwa kwotabeki, apate sekunde mbili tatu za kurusha mpira, au mkimbiaji apate upenyo wa kupita.

Katikati ya hao watano husimama senta. Yeye huinama na kuupitisha mpira nyuma, katikati ya miguu yake, hadi mikononi mwa kwotabeki. Papo hapo lazima ainuke na kupambana na mtu mwenye uzito wa zaidi ya kilo 100 anayemjia kwa kasi. Pia ndiye anayesoma jinsi wapinzani walivyojipanga na kuwaambia wenzake nani amzuie nani. Mmoja wao akikosea, kazi ya wale wanne inaweza kupotea na kwotabeki akaanguka chini.

Mtoto wa mkulima wa viazi

Mike Webster alizaliwa tarehe 18 Machi 1952 huko Tomahawk, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Alikulia kwenye shamba la viazi, katika nchi ya baridi kali na theluji. Wanaolima wanajua shamba linavyomfundisha mtoto: kazi haisubiri ujisikie vizuri.

Alicheza futiboli katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwa senta. Mwaka 1974 zilifika siku za klabu kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Klabu huchagua kwa zamu, raundi baada ya raundi, na wanaotarajiwa makubwa huondoka mapema. Webster alisubiri mpaka raundi ya tano. Pittsburgh Steelers walipomchukua, vijana 124 walikuwa wamekwisha kuchaguliwa kabla yake. Shida ilikuwa umbo. Kwa kazi ya ukuta alionekana mdogo, akiwa na takriban kilo 102.

Kocha wa Pittsburgh, Chuck Noll, alikuwa na mtazamo mwingine. Alipenda watu wa safu ya mbele wenye wepesi wa miguu, wanaoweza kutoka nafasi moja na kwenda kumzuia mpinzani wa upande mwingine kabla hajajua kilichompata. Mwaka huo huo klabu iliwachukua pia Lynn Swann, Jack Lambert na John Stallworth. Wote wanne, pamoja na Webster, baadaye waliingia kwenye Ukumbi wa Magwiji wa mchezo huo.

Webster hakupewa nafasi siku ya kwanza. Misimu miwili ya mwanzo alipokezana na senta mkongwe, Ray Mansfield. Tuliweke jambo hili akilini: kijana alijifunza kazi pembeni ya mzee. Mansfield alipomaliza, Webster alikuwa tayari.

Miaka ya chuma

Kuanzia msimu wa 1974 hadi ule wa 1979, Pittsburgh walitwaa ubingwa wa Marekani mara nne katika misimu sita. Webster alikuwemo katika timu zote nne. Alinyanyua vyuma, akaongeza mwili hadi zaidi ya kilo 110, na miaka kumi hivi hakukosa mechi hata moja. Alichaguliwa mara tisa kucheza mechi ya nyota wa ligi. Katika baridi ya kugandisha maji alicheza mikono wazi, bila nguo ya ndani yenye mikono mirefu. Wakati wengine walitembea kwenda kujipanga, yeye alikimbia. Watu wakampa jina la Mike wa Chuma.

Lakini chuma nacho huchakaa. Mwaka 1986 aliteguka kiwiko na kukosa mechi nne. Timu nayo ilizeeka, na msimu wa 1988 Pittsburgh walishinda mechi tano tu kati ya 16. Baada ya misimu 15 na mechi 220, klabu haikumng'ang'ania tena. Webster akawa mchezaji huru, akielekea umri wa miaka 37. Kwa kazi ile, hapo wengi huwa wamekwisha kustaafu.

Ukuta wa Kansas City

Klabu ya Kansas City Chiefs ilikuwa na hali mbaya. Msimu wa 1988 ilishinda mechi nne, ikafungwa 11, ikatoka sare moja. Kwa miaka 17 ilikuwa imefika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 1986. Baada ya msimu wa 1988 uongozi ulibadilishwa. Carl Peterson akashika usimamizi wa klabu, na Marty Schottenheimer akawa kocha mkuu.

Wakamwita Webster. Wengi hawakijui kipengele hiki: mwanzoni hawakumwita kucheza, bali kufundisha safu ya mbele. Walitaka kichwa chake kuliko mabega yake. Muda si mrefu ilionekana kuwa mwalimu bado anaweza kazi, naye bado anaitamani. Akavaa tena kofia na kuwa senta wa Chiefs.

Nyuma ya ukuta huo alikuwepo mkimbiaji kutoka Afrika. Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, alikwenda Marekani kwa ajili ya riadha, hasa kurusha kisahani, na futiboli akajifunzia ukubwani akiwa chuoni California. Alikuwa na mwili wa mbeba mizigo na mbio za mkimbiaji. Msimu wa 1989, akipita kwenye upenyo uliofunguliwa na Webster na wenzake, Okoye alikimbia jumla ya yadi 1,480. Hakuna mkimbiaji mwingine wa ligi nzima aliyemfikia mwaka huo.

Chiefs walimaliza msimu na ushindi mara nane, vipigo saba na sare moja. Kutoka mechi nne hadi nane ni kupiga hatua. Je, mkongwe ndiye aliyeuponya ukuta?

Tuwe wakweli. Webster hakuja peke yake. Alikuja kocha mkuu mpya, na kocha mpya wa safu ya mbele, Howard Mudd, aliyekuja kuheshimiwa sana katika kazi hiyo. John Alt, mmoja wa nguzo za ukuta ule, alikuwepo klabuni tangu 1984. Upande wa ulinzi alisajiliwa kijana hatari, Derrick Thomas. Na pamoja na yote hayo, timu haikufika mtoano mwaka ule. Ilihangaika na makwotabeki watatu tofauti, na hata ukuta mzuri hauwezi kuficha tatizo lililo nyuma yake.

Alichokifanya Webster ni kukaa katikati ya ukuta na kuupa utulivu. Alijua kusoma wapinzani na kuwaelekeza wenzake. Alionyesha kwa vitendo jinsi mazoezi yanavyofanywa. Mwaka 1990 klabu ilimchukua kijana Tim Grunhard kutoka chuo kikuu cha Notre Dame. Msimu huo Webster alicheza mechi chache zaidi, Chiefs wakashinda mechi 11 na kufika mtoano, wakatolewa na Miami kwa tofauti ya pointi moja, 17 kwa 16. Mzee akastaafu mwaka 1991. Grunhard alibaki na kuwa senta wa Chiefs hadi mwaka 2000.

Hesabu ni hiyo. Mkongwe alitoa misimu miwili na mechi 25. Ukuta wenyewe ulidumu miaka kumi kwa sababu klabu ilitumia misimu hiyo miwili kuandaa wa kumrithi. Kama wangemsajili na kulala, ufa ungerudi siku ile ile aliyofungasha.

Bei aliyoilipa

Simulizi lingeishia hapo, tungefurahi. Lakini Webster alikuwa amecheza misimu 17 na mechi 245, mbali na mazoezi. Kwa mtu wa safu ya mbele, karibu kila mpira unapoanza kuchezwa kuna kugongana. Mengi ya mapigo hayo hayamwangushi mtu wala hayamzimishi. Yanajilimbikiza tu, moja juu ya jingine.

Baada ya kustaafu maisha yake yalivurugika. Kumbukumbu zilimpotea. Hasira zilimpanda bila sababu. Ndoa ilivunjika, pesa zikaisha. Mtu aliyekuwa bingwa mara nne alilala kwenye gari lake na kwenye vituo vya usafiri. Maumivu yalimnyima usingizi kiasi kwamba alijipiga shoti kwa kifaa cha umeme ili azimie na kupumzika. Mwaka 1997 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji, akazungumza muda mrefu, mawazo yakikatika na kuruka huku na huko. Mwaka 1999 alifikishwa mahakamani kwa kughushi vyeti vya dawa, akapewa kifungo cha nje.

Mwaka huo huo bodi ya mafao ya wachezaji ilikubali kwamba mchezo ndio uliomlemaza. Ubishi ulibaki kwenye tarehe. Bodi ilishikilia kuwa ulemavu kamili ulianza miaka kadhaa baada ya kustaafu, jambo lililopunguza malipo. Webster hakuuona mwisho wa kesi. Alifariki mjini Pittsburgh tarehe 24 Septemba 2002 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 50. Familia iliendelea kudai, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi wao, malipo yakiwa zaidi ya dola milioni moja.

Hapa anaingia Mnigeria wa pili. Daktari aliyeuchunguza mwili wake alikuwa Bennet Omalu, aliyesomea udaktari Nigeria kabla ya kwenda Marekani. Kwa macho ubongo ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika. Aliuhifadhi, akakata vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini. Akakuta protini iitwayo tau imejikusanya mahali isipotakiwa, dalili ya ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na vipigo vya kichwa vinavyojirudia. Kitaalamu unaitwa CTE. Ulikuwa ukijulikana zaidi kwa mabondia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Madaktari waliokuwa wakiishauri ligi walitaka makala hiyo iondolewe. Haikuondolewa. Maelfu ya wachezaji wastaafu walikwenda mahakamani, ligi ikakubali kulipa mamia ya mamilioni ya dola, na mwaka 2016 ofisa wa ligi akakiri mbele ya wabunge wa Marekani kuwa uhusiano kati ya futiboli na ugonjwa huo upo.

Turudi kwenye swali

Hakuna anayeweza kusema ni pigo lipi lilimmaliza Webster, la Pittsburgh au la Kansas City. Lakini alipoitwa kufundisha, kisha akarudishwa uwanjani, alipokea misimu miwili zaidi ya mapigo.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia timu yako imemsajili mkongwe huru ili azibe ufa, uliza mambo matatu. Wenzake wanne kwenye ukuta wana uwezo gani? Maana kidole kimoja hakivunji chawa. Yuko wapi kijana anayejifunza pembeni yake? Na la tatu, ambalo viongozi husahau kuuliza: mwili wa mzee huyu umebaki na nini, na akiumia nani atamtunza?

Hilo la tatu linatuhusu hata kwenye viwanja vyetu vya vumbi. Mchezaji akigongwa kichwa, akachanganyikiwa, akasahau matokeo, akatapika au akazimia hata kwa sekunde chache, asirudishwe uwanjani siku hiyo. Apelekwe kituo cha afya.