Bwana Nyoka

Kuna mtu aliyenifundisha subira, ingawa alikufa zamani kabla sijazaliwa. Jina lake ni Constantine John Philip Ionides, aliyejulikana kama Bwana Nyoka.

Kisa changu chaanzia hapa Ngara. Wakati wa likizo mjomba alimkuta chatu mdogo, urefu wake kama mkono wangu, katika shamba la migomba. Wengine walitaka kumpiga rungu. Mimi nikaomba nimtunze. Nilimweka sandukuni, nikampa panya, asile. Kila mara nilimtoa nimtazame. Zikapita siku kumi na mbili. Mwisho niliazimia kumpanua kinywa na kumsukumia nyama kwa kijiti. Kwa bahati nilipita kwanza kwa mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akanisimulia maisha ya Bwana huyu.

Ionides alizaliwa Uingereza mwaka 1901, katika ukoo wenye asili ya Kigiriki. Alikuwa askari, akafika Tanganyika katika miaka ya 1920. Kwanza aliwinda tembo kwa ajili ya pembe, hata kinyume cha sheria. Lakini mwaka 1933 aliingia Idara ya Wanyama, akawa mlinzi wa wale aliokuwa akiwaua. Kwa miaka mingi kituo chake kilikuwa Liwale, na alifanya kazi kubwa ya kulipanua Pori la Akiba la Selous. Baadaye alikaa Newala akikamata nyoka. Wanakijiji walioona nyoka walikwenda kumwarifu, naye aliwalipa. Alikamata maelfu, akawapeleka hai kwenye bustani za wanyama na kwa wataalamu wa sumu. Aliumwa mara nyingi, asiache kazi. Alifariki Nairobi mwaka 1968, akazikwa katika pori la Selous alilolipenda.

Mwalimu akasema kwamba mtu huyo aliwajua nyoka kwa kuwatazama kwa saa nyingi. Je, mimi nilimtazama wangu? Nikarudi nikamtazama. Macho yake yalikuwa na ukungu: alikuwa karibu kujivua gamba, na nyoka wa namna hiyo mara nyingi hali. Tena usiku wa Ngara ni baridi, na nyoka aliyepoa hawezi kusaga chakula tumboni. Zaidi ya hayo, alikuwa na hofu kwa kushikwashikwa.

Nikamwekea chungu kilichovunjika ajifiche, nikalihamishia sanduku karibu na ukuta wa jikoni penye joto, nisimguse tena. Alijivua gamba. Siku ya tatu, jioni, nikamwachia panya nikaondoka. Asubuhi panya hayupo, na tumbo la chatu limevimba!

Furaha yangu haikudumu. Mwalimu alinieleza kwamba sheria hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Tulimpeleka kwa afisa wa wanyamapori, akamwachia porini. Nilihuzunika, lakini naona heri hivyo. Kama kijiti kile kingetangulia, ningemzika.