Tom Mboya: Mwaka Mmoja Chuoni

Ndugu zetu wa Rusinga, tunapoomba mchango wa basari tunamkumbuka Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Karo ilipokosekana aliacha shule ya Mang'u, akasomea ukaguzi wa afya Nairobi, kisha akawa kiongozi wa wafanyakazi.

Mwaka 1955 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Alikaa mwaka mmoja tu. Huko alisoma siasa na uchumi, na mwaka 1956 kijitabu chake kuhusu Kenya kikachapishwa. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Hakutaka nafasi ile iwe yake peke yake. Mwaka 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege. Wafadhili walilipa nauli, jamaa na wanakijiji wakachangia.

Aliuawa tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kaburi lake liko kwetu Rusinga. Sisi tunaotunza hesabu za chama tunajua karo ingali inawarudisha watoto nyumbani. Tuchange.