Grotrian, mtaalamu aliyelitenga vumbi na mwanga wa jua

JUA lilipopatwa Juni 30, 1973, huko Lemara, Arusha, lilifichwa kwa sehemu tu. Giza kamili lilipita Kenya, eneo la Ziwa Turkana. Utaji mweupe unaolizunguka jua wakati huo, yaani korona, ulikwishafumbuliwa na Mjerumani Walter Grotrian, mzaliwa wa Aachen mwaka 1890.

Dakika za giza ni chache, hivyo picha za msafara wa Potsdam kutoka Takengon, Sumatra, za Mei 9, 1929, zilikuwa hazina. Grotrian alibaini mianga miwili iliyochanganyika: mmoja hutawanywa na elektroni ziendazo kasi mno, ambazo huifuta mistari myeusi ya mwanga wa jua, mwingine hutawanywa na vumbi la angani, nalo huiacha mistari hiyo ilivyo.

Mwaka 1939 alitambua chuma kilichopoteza elektroni 9, dalili ya joto ambalo wengi hawakulitarajia. Alifariki mwaka 1954.