Mtoto Aliyeitwa Chozi

Wiki hii wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Mnanijua mimi ni mtu wa orodha. Nilisomea biashara, na tangu niingie ofisi ya kanisa kila kitu nimekiweka kwenye kompyuta: sadaka, vikundi vya ushirika, hata kina mama wanaotarajia, ili idara ya kina mama ijue nani atatembelewa lini. Mwaka jana dada yetu mmoja alibeba mimba mpaka ikakomaa, lakini mtoto akazaliwa akiwa tayari ameaga. Nilifika nyumbani kwao, nikawaambia Mungu atawapa mwingine, nikaomba dakika tano, nikaondoka. Kufika ofisini nikafuta jina la huyo mama kwenye orodha. Nilidhani ninamwondolea uchungu. Orodha mpya ilipobandikwa ukutani, aliisoma yote, halafu akaja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama mtoto wake hakuwahi kuhesabiwa. Kusema ukweli, sikuwa na jibu.

Jibu nilikuja kulipata kwenye maisha ya mtu ambaye sote tulimsoma shuleni: Johann Ludwig Krapf. Tulifundishwa kwamba alikuwa mmisionari Mjerumani, na kwamba mwaka wa 1849 alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya, akiwa Ukambani. Tukajibu mtihani, tukasonga mbele. Hakuna aliyetuambia kwamba alikuwa baba aliyezika mabinti wawili wachanga.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, kwenye familia ya wakulima. Alipookoka na kuitwa alitumwa Ethiopia, akafika huko 1837. Mwaka wa 1842 alimwoa Rosine Dietrich, na mwaka uliofuata wakajaribu kuingia tena Ethiopia wakipitia nyika kavu ya Washoho, karibu na Bahari ya Shamu. Rosine alikuwa mjamzito. Wakiwa safarini uchungu ukamshika kabla ya wakati. Hapakuwa na hospitali wala mkunga. Akajifungua mtoto wa kike, naye akaishi saa chache tu.

Wapendwa, hebu tusimame hapo kidogo. Saa chache! Wangeweza kusema huyu hakukaa, twende. Lakini Krapf alimbatiza binti yake na kumpa jina: Eneba. Kwa Kiamhari maana yake ni chozi. Kisha akamzika chini ya mti kando ya njia. Hakulificha chozi lake ili aonekane ana imani. Alilifanya jina la mtoto, na jina hilo akaliandika kwenye habari za maisha yake. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 180 baadaye, mimi na wewe tunamjua msichana aliyeishi saa chache nyikani.

Lakini kuna jambo lingine linaloniuma. Watu waliokuwa wakiwaongoza njiani hawakukubali kungoja. Siku ya tatu baada ya kujifungua, Rosine alilazimika kuinuka na kuendelea na safari, mwili haujapona, mikono mitupu, kaburi limebaki nyuma. Nikisoma hapo namwona dada yetu. Ni mara ngapi sisi pia tunakataa kungoja? Wiki ya pili tunauliza mbona hajarudi kwaya. Mwezi wa pili tunashangaa bado analia.

Mlango wa Ethiopia ulipofungwa, Krapf na Rosine walikuja pwani yetu. Januari 1844 walifika Zanzibar, ambako Sultani Seyyid Said aliwapokea, na baadaye mwaka huo huo wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa na mimba tena. Mwezi wa Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Unaona mambo yanaanza kufunguka, si ndiyo? Julai homa ikaingia nyumbani. Krapf akalala chini, Rosine naye. Katikati ya homa hiyo Rosine akajifungua binti wa pili. Julai 13, 1844, Rosine akaaga dunia. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa hata kukaa vizuri kando ya kitanda cha mke wake.

Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo wapita njia wataliona kaburi lake. Ikafanyika hivyo. Ukienda Mombasa upande wa Nyali, mpaka leo utaonyeshwa mahali hapo.

Sasa nawauliza: ni dhambi gani walikuwa wamefanya hao wawili? Ni laana gani ya ukoo? Waliacha kwao, wakamtii Bwana, wakazika. Nasema hivi kwa sababu najua yule dada yetu aliambiwa na mmoja wetu kwamba aje aombewe laana ivunjwe. Alikuwa bado ana maziwa kifuani, mtoto hayupo, halafu tukamwongezea mzigo wa kujilaumu. Tutubu.

Krapf hakuinuka siku ya tatu akiimba. Lakini aliinuka. Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo cha Rabai. Mwaka wa 1850 kikachapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ikatoka 1882. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 1881, alikutwa amefariki huko Kornthal, Ujerumani, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Sisemi kwamba watoto wale walikufa ili kazi hiyo ifanyike. Neno halinipi ruhusa ya kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba alitumika miaka yote hiyo akiwa bado baba wa Eneba.

Kwa hivyo, wapendwa, tufanye nini? Kwanza tujifunze kwa marafiki wa Ayubu, ile sehemu waliyofanya vizuri: waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Waliharibu walipofungua mdomo. Ukienda kwa wazazi waliofiwa, peleka unga, osha vyombo, chukua nguo za watoto wengine ukafue. Usiseme watapata mwingine. Uliza kama mtoto ana jina, na ukiambiwa, litaje. Kama hawataki kulisema, nyamaza nao. Usimpite baba ukiuliza tu mama anaendeleaje, naye pia amezika. Kina mama, mkumbukeni huyo dada maziwa yanapoingia siku za kwanza, kwa sababu yataingia tu, na ni uchungu juu ya uchungu. Ana homa, anavuja damu nyingi, au anasema hataki kuishi? Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na maombi yaendelee njiani. Mwaka ukiisha, tarehe ile ikirudi, piga simu.

Mimi nimerekebisha orodha. Nilienda tena kwa dada yetu na mume wake, nikaomba msamaha, nikakaa. Safari hii sikuangalia saa. Jioni ilipoingia mume wake ndiye aliyelitaja jina la mtoto, na kwa ruhusa yao nimeliandika kwenye kitabu cha kanisa, pamoja na tarehe. Kama nawe una mtoto ambaye hakuna aliyewahi kukuuliza jina lake, hata kama ni miaka ishirini iliyopita, mlango wa ofisi uko wazi Jumanne na Alhamisi mchana. Njoo. Tutangoja.