Michael Faraday na Mshumaa

Mtoto wa Nkololo, huko Bariadi katika nchi ya Wasukuma, akiwasha mshumaa usiku hutaka nuru ya kusomea, wala hafikiri zaidi. Lakini palikuwa na mtu mmoja katika Uingereza aliyeutazama mshumaa uwakao, akaona ndani yake elimu ya kutosha kufundisha watoto mafundisho sita. Jina lake Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kando ya mji wa London. Baba yake alikuwa mhunzi, naye aliugua mara kwa mara, asiweze kufanya kazi siku zote. Mwaka 1801 chakula kilikuwa ghali mno, na Michael alipewa mkate mmoja tu wa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Alipopata miaka 13 akawa mtumishi wa Bwana George Riebau, aliyeuza vitabu na kuvijalidi. Kwanza alipeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata akaandikwa kujifunza kazi ya kujalidi kwa muda wa miaka saba. Wako wajalidi washonao vitabu elfu wasisome hata kimoja. Michael alivishona, kisha akavisoma. Kimoja kilitungwa na bibi aliyeitwa Jane Marcet, nacho kilieleza kemia, yaani elimu ya kujua vitu vimefanyizwa kwa nini, na jinsi vinavyogeuka vikichanganywa au vikitiwa motoni. Michael hakukiamini kwa sababu kimepigwa chapa tu. Kwa fedha kidogo aliyoipata alinunua dawa na vyombo, akayajaribu mwenyewe yaliyoandikwa, kadiri ya uwezo wake. Alipoona kwamba mambo ni kama yule bibi alivyosema, ndipo alipokishika kitabu kile kwa moyo wote. Na hata alipokuwa mtu mkuu alimheshimu yule bibi kama mwalimu wake wa kwanza.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kusikiliza mafundisho manne ya Bwana Humphry Davy, mtaalamu mashuhuri wa kemia, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Michael aliandika aliyoyasikia, akachora vyombo alivyoviona, akazijalidi karatasi zake kuwa kitabu, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alimpokea kwa wema, walakini nafasi haikuwapo. Baadaye msaidizi mmoja wa nyumba ile alifukuzwa kwa sababu ya kupigana, na Davy akamkumbuka yule mjalidi. Basi Machi 1813 Michael akaingia kuosha chupa na kuandaa vyombo.

Kazi ile ilikuwa na hatari. Davy alikuwa ameumizwa macho na dawa iliyolipuka, na Faraday naye aliumizwa mkono na dawa ile ile. Tena palikuwa na taabu ya moyoni. Waliposafiri Ulaya, tangu 1813 hata 1815, mke wa Davy alimfanya Faraday kama mtumishi wa nyumbani, naye nusura arudi kwao. Mwaka 1823 alipotajwa kuingia katika chama cha wataalamu, Royal Society, aliyempinga alikuwa Davy mwenyewe. Aliingia vivyo hivyo, wala hakuacha kumheshimu bwana wake wa zamani.

Mwaka 1831 alivumbua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya ule. Mitambo ya umeme ya Kidatu na Mtera hufanya kazi kwa njia hiyo.

Lakini watoto walimpenda kwa jambo jingine. Kila Krismasi, tangu 1825, Royal Institution iliwaalika vijana kufundishwa, na Faraday aliwafundisha mara 19. Mara ya mwisho ilikuwa Krismasi ya 1860, naye akachagua mshumaa. Hakuwaambia waamini, kila neno alilitenda mbele ya macho yao. Alitia ncha ya bomba la kioo katikati ya mwali wa moto, mvuke wa nta ukapita bombani, akauwasha kwenye ncha ya pili. Hivyo wakajua kwamba kiwakacho si nta ngumu, bali mvuke wake. Akaweka chombo cha baridi juu ya moto, matone ya maji yakafanyika chini yake. Maji kutoka motoni!

Mambo haya hayahitaji jumba la London. Katika darasa la Nkololo vyatosha mshumaa, kiberiti, bilauri mbili na chokaa mpya, mwalimu akisimamia, maana chokaa huunguza macho. Mshumaa ukizimwa taratibu, moshi mweupe hupanda. Njiti iwakayo ikisogezwa katika moshi ule, moto hushuka na kuwasha utambi, ijapokuwa njiti haikuugusa. Bilauri kavu ya baridi ikishikwa juu ya mwali hupata umande ndani, kisha umande hutoweka bilauri ipatapo joto. Sharti kutazama upesi. Tena chokaa ikikorogwa katika maji na kuachwa itulie, maji ya juu huwa maangavu. Yakimiminwa katika bilauri ya pili, na mtoto akipuliza pumzi yake humo kwa mrija, bila kuyavuta kinywani, hugeuka meupe kama maziwa. Hewa iliyotoka katika mshumaa huyageuza vivyo hivyo. Faraday aliwaonyesha watoto kwamba hewa ile ile, dioksidi ya kaboni, hutoka motoni na hutoka kifuani mwa mtu, na mimea huitumia kukua.

Baada ya hapo nguvu zake zilipungua, na kumbukumbu yake ikafifia. Alikuwa amekataa kupewa cheo cha heshima, akapenda kuitwa Bwana Faraday tu. Alikufa tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa Highgate, London. Juu ya jiwe la kaburi lake limeandikwa jina lake, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa.