Mungo Park, daktari aliyeitangaza shea

Mafuta ya shea yauzwayo Arua, ambayo siku hizi hutiwa hata kwenye krimu za ngozi za Korea na Japani, yalitangazwa Ulaya na Mungo Park, daktari Mskoti aliyezaliwa 1771.

Mwaka 1796 mfalme wa Segou, Mali ya leo, alimkatalia kuingia mjini, akampa kauri 5,000 aende zake. Njiani akakuta wenyeji wakikusanya kokwa za shea. Kitabu chake cha 1799 kilieleza kuwa siagi hiyo hukaa mwaka mzima bila chumvi, na ni bidhaa kubwa ya biashara ya bara.

Alikufa 1806 huko Bussa, Nigeria, bila kufika Nile. Shea ya huku ni nilotica, laini zaidi. Kwenye joto huyeyuka, msafirishaji akague vifuniko vya madumu.